Mia Nne na Tatu

Sylvi hupiga simu saa tatu usiku, baada ya dawa zake.
"Bado," asema. Hatusalimiani tena, tumeshazoeana.
Kule Borås, alikoshona mashuka miaka thelathini na moja,
kiungo amekiandika kwa mkono, herufi kwa herufi,
kutoka kwenye barua niliyomtumia kwa posta,
na kioo kinamjibu kwa tarakimu: mia nne na tatu.
Hairuhusiwi.

Mimi huku Kemijärvi, maktabani, theluji imefika dirishani,
nabofya faili lile lile, nalo lafunguka bila kinyongo.
Bila shaka lafunguka. Mimi ni mwenye nyumba.
Mwenye nyumba hajui mlango wake ukoje kwa mgeni;
hajawahi kujipigia hodi.

Basi nikatoka. Nikafuta jina langu na nywila,
nikaazima simu ya kijana anayesafisha ukumbi,
nikabisha kama mtu asiye na kwao.
Mia nne na tatu.

Wataalamu wa wingu huita chombo chao ndoo.
Nilicheka siku ya kwanza: ndoo juu ya mawingu,
na mvua hainyeshi mpaka uiandikie barua.
Nikasoma sera ya ndoo, mabano ndani ya mabano:
yeyote aruhusiwe kusoma. Safi.
Lakini juu yake kuna komeo la akaunti nzima,
lililowekwa na halmashauri mwaka ule wa hofu,
linalotangua kila ruhusa iliyo chini yake.
Niliomba kwa maandishi. Siku nne. Likaondolewa.
Mia nne na tatu.

Kumbe ndoo ni yetu, faili ni la Osmo,
aliyelipakia kabla hajastaafu, akaondoka na umiliki
kama mtu aliyesahau ufunguo wa choo mfukoni.
Nilimkuta akipasua kuni.
"Chukua," alisema, "sikujua kwamba ninacho."
Mia nne na tatu.

Usiku huo nikafanya nisilopaswa: nikafungua vyote.
Kila kanda, kila ukurasa, hata orodha ya vilivyomo.
Dakika kumi na moja.
Kisha nikamkumbuka mama wa Pelkosenniemi
aliyetusimulia mwaka wa vita, akashurutisha:
isisikike hii mpaka wanangu wawe wamekufa.
Wanawe wako hai. Mmoja huja kuazima riwaya.
Nikafunga, vidole vikitetemeka,
nikapitia daftari la waliobisha:
Sylvi peke yake, mara moja,
na safari hii jibu lilikuwa jingine.
Mia nne na nne. Hakipo.

Usingizi ukanitoka.
Asiyeruhusiwa kuona orodha, mashine haimwambii hakipo.
Humwambia hairuhusiwi,
kama watu wa nyumbani wanaosema mzee amelala,
hali mzee hayupo.

Vääräniemi. Jina la baba yake, jina la faili.
Herufi ile yenye nukta mbili, mara tatu:
kompyuta ya Osmo iliandika a, kisha nukta, vitu viwili;
kibodi ya Sylvi huipiga kwa kidole kimoja, kitu kimoja.
Kwa jicho ni pacha. Kwa mashine ni watu baki.

Nikazivua nukta zote. Vaaraniemi.
Rasi iliyopinda ikawa rasi ya kilima;
marehemu atanisamehe.

Saa tatu. Sikuuliza. Nilisikia kupitia simu yake
magogo yakigongana mtoni, mtu akihesabu,
mia moja na nne, akikohoa, mia moja na tano,
halafu sauti ikisogelea kinasa:
"Nani amekuruhusu? Zima hiyo."
Kanda ikaishia hapo.

"Ndiye," Sylvi akasema.
Nikamsikia akitafuta kitufe.
"Mara moja tena. Halafu ufunge."